Namba tisa mwenye kifua: tunamfuata Kongo, tunamwacha Mwamanyili

Kijana mrefu mwenye kifua akijitokeza kwenye uwanja wa kijiji, nafasi yake hupangwa kabla hajagusa mpira: akae golini, au awe beki wa kati. Mbele wanawekwa wepesi, wenye mbio na chenga. Ndivyo tulivyozoea katika viwanja vya Kanda ya Ziwa, na kata ya Mwamanyili, wilayani Busega mkoani Simiyu, haiko nje ya mazoea hayo. Vijana waliokua wakishika plau, wakibeba magunia ya pamba na wakivuta nyavu ziwani wanaambiwa kwamba nguvu zao ni za kuzuia tu. Kufunga ni kazi ya wengine.

Halafu dirisha la usajili linafunguliwa, na klabu zetu kubwa zinavuka mipaka kutafuta kitu kilekile: mshambuliaji wa kati anayesukumwa asianguke, anayeruka juu ya mabeki wawili, anayepokea mpira akiwa amelipa goli mgongo na kuukalia hadi wenzake wafike.

Tazama orodha ya wafungaji bora wa Ligi Kuu. Msimu wa 2013/14 ni Amissi Tambwe, Mrundi, mabao 19 akiwa Simba. Miaka miwili baadaye ni Tambwe tena, safari hii Yanga, mabao 21. Mwaka 2018 Simba wakamleta Meddie Kagere kutoka Gor Mahia ya Kenya, mtu ambaye mabeki wa nchi hii walimkimbia kwa heshima. Akafunga mabao 23 msimu wa kwanza na 22 msimu uliofuata. Yanga nao wakaenda Kinshasa, kwa AS Vita, wakamchukua Fiston Mayele mwaka 2021. Msimu wa 2022/23 alikuwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika kwa mabao 7, Yanga wakafika fainali na kulikosa kombe mbele ya USM Alger kwa sheria ya bao la ugenini. Mayele akauzwa Pyramids ya Misri, na mwaka 2025 akafunga katika mechi ya marudiano ya fainali iliyowapa Pyramids ubingwa wa Afrika.

Kuanzia msimu wa 2013/14 hadi 2024/25 ni misimu 12. Misimu ambayo jina la Mtanzania limekaa juu ya orodha hiyo, peke yake au pamoja na mwenzake, ni minne tu. Mara mbili ni Simon Msuva, ambaye alikua kama winga, na mara ya pili aligawana heshima hiyo na Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting, kila mmoja akiwa na mabao 14. Mara moja ni John Bocco. Mara moja ni George Mpole wa Geita Gold, ambaye mwaka 2022 alimpita Mayele kwa bao moja, 17 kwa 16. Hilo la Mpole lilitokea hapa hapa Kanda ya Ziwa, kwenye klabu isiyo na fedha za Simba na Yanga, na linanipa moyo kuliko mambo mengi yaliyosemwa kwenye mikutano ya soka.

Bocco ndiye mfano ninaotaka usomwe taratibu. Mashabiki walimbandika jina la Adebayor kwa urefu wake, na kwa miaka mingi walimzomea kwa kukosa nafasi. Azam walimvumilia. Alikua ndani ya klabu moja, akajifunza kusimama vizuri kwenye boksi, akajua lini aruke na lini aukwepe mpira ili umfikie mwenzake. Alipohamia Simba mwaka 2017 alikuwa mtu aliyeiva, akawa nahodha, na msimu wa 2020/21 akawa mfungaji bora kwa mabao 16. Mwili wake ulikuwepo tangu mwanzo. Kilichoongezeka ni miaka, na watu waliokubali kuilipia hiyo miaka.

Sisemi kila mfungaji lazima awe mkubwa. Wafungaji bora wa misimu miwili, 2023/24 na 2024/25, Stephane Aziz Ki na Jean Charles Ahoua, ni viungo washambuliaji, watu wa akili na mguu laini. Ila timu iliyo na mchezaji wa aina hiyo bado inahitaji mtu wa kuwashughulisha mabeki. Beki wa kati anapojua kwamba nyuma yake kuna mtu mzito, anarudi hatua mbili mapema. Hatua mbili hizo ndizo nafasi ya kiungo. Beki aliyegongwa vizuri, kwa haki, katika dakika ya 10, dakika ya 70 anapiga mpira ovyo kabla hajafikiwa. Takwimu za mabao hazimwandiki mshambuliaji aliyeifanya kazi hiyo, na ndiyo sababu mashabiki wengi hawaioni.

Majirani zetu Wakenya wanaijua thamani hii kwa sababu waliiona ikikua mbele ya macho yao. Michael Olunga, mwenye urefu wa zaidi ya mita 1.90, alicheza Thika United mwaka 2014, akaenda Gor Mahia mwaka 2015 wakatwaa ubingwa bila kupoteza mechi ya ligi. Kutoka hapo ni Sweden, China, kisha Girona ya Hispania kwa mkopo, ambako alifunga mabao matatu katika mechi moja dhidi ya Las Palmas. Akahamia Kashiwa Reysol ya Japani. Novemba 2019 alifunga mabao manane katika mechi moja, Kashiwa wakishinda 13–1 dhidi ya Kyoto Sanga. Mwaka 2020, kwenye daraja la juu la Japani, alifunga mabao 28 na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi, kisha Al-Duhail ya Qatar wakamchukua. Ukimtazama Olunga wa Thika na Olunga wa Kashiwa, mabega ni yaleyale. Miguu ndiyo iliyosomeshwa: pasi ya kwanza, mwendo wa kuingia boksi, namna ya kupiga kabla beki hajageuka.

Lakini anayehubiri kuchagua watu wakubwa lazima apite kwa Hasheem Thabeet, kwa sababu hakuna Mtanzania aliyechaguliwa kwa mwili wake mbele ya dunia nzima kuliko yeye.

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alianza kikapu akiwa tayari kijana, wakati wenzake wa Marekani wanaanza kabla hawajaota meno ya ukubwani. Urefu wake ulifikia mita 2.21. Chuo Kikuu cha Connecticut kilimchukua, akacheza huko misimu mitatu chini ya kocha Jim Calhoun, na msimu wa mwisho alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kwa kila mechi. Timu ilifika nusu fainali ya taifa mwaka 2009. Juni mwaka huo, katika uteuzi wa chipukizi wa NBA, Memphis Grizzlies walimchagua akiwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin. Wa tatu, baada ya Thabeet, alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry, kijana ambaye wengi waliona ni mwembamba mno kwa ligi ile.

Thabeet akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, na aliingia kwa mlango wa mbele kabisa. Msimu wa kwanza alipewa dakika 13 kwa mechi, akapata wastani wa pointi 3.1. Februari 2010 alishushwa kucheza Dakota Wizards kwenye ligi ya chini, na hakuna aliyewahi kuchaguliwa juu kiasi kile akashushwa namna ile kabla yake. Mwaka 2011 alipelekwa Houston, baadaye Portland, kisha Oklahoma City hadi 2014. Wastani wake wa NBA ulibaki pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Harden na Curry wote wawili wakawa wachezaji bora wa ligi.

Tangu hapo jina la Thabeet hutajwa Marekani kama onyo: usichague urefu. Mimi nakataa onyo hilo. Lilivyo halimtendei haki, na linafundisha somo baya. Kosa halikuwa kuutaka mwili wa mita 2.21. Mwili wa namna hiyo hauwezi kufundishwa, hauwezi kununuliwa baadaye, na aliyenao analinda goli hata akiwa amesimama tu. Kosa lilikuwa kuuhesabu kama umekomaa. Kijana aliyeanza mchezo akiwa amechelewa, akaupata kwa miaka michache tu, alitakiwa kuwa na mtu wa kumfundisha mguu kila asubuhi kwa miaka mitatu au minne. Memphis walikuwa na Marc Gasol katikati na walitaka ushindi wa haraka. Kiti cha pili hakikuwa na uvumilivu ndani yake.

Ushahidi wangu ni Dikembe Mutombo. Naye alikuwa wa kwetu, mtoto wa Kinshasa, urefu mita 2.18. Alikwenda Georgetown akiwa na nia ya kusoma udaktari, kocha John Thompson akamshika mkono, na Denver Nuggets walimchagua wa nne mwaka 1991. Lakini tazama umri: alikuwa na miaka 25, mtu mzima, ameshapita mikono ya kocha mkali wa watu warefu. Msimu wake wa kwanza alikuwa na wastani wa pointi 16.6 na ribaundi 12.3. Alitunukiwa ulinzi bora wa mwaka mara nne, akaingizwa kwenye jumba la heshima la kikapu mwaka 2015. Tofauti ya sentimita kati ya Mutombo na Thabeet ni tatu tu. Tofauti ya matayarisho ni miaka.

Mjadala huu huu uko hata kwenye barafu, ambako sisi wa Simiyu tunaweza kudhani hautuhusu. Katika hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada wachezaji wanagongana kwa ruhusa ya sheria, wakiteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma kuzunguka uwanja uliozungushiwa mbao. Mshambuliaji mzito humbana beki ukutani, beki anaachia kile kisahani cheusi mapema, na mwenzake mwepesi anakiokota. Kwa hiyo kila mwaka, timu za ligi yao kuu, NHL, zinapokaa kuchagua vijana wa miaka 18, swali ni lile la kocha wa Mwamanyili: nimchukue mkubwa au mwepesi?

Mwaka 2003 New York Rangers walimchagua Hugh Jessiman, wa 12. Kimo chake kilikaribia mita mbili. Alicheza mechi mbili tu za NHL maisha yake yote, tena akiwa na timu nyingine. Waliochaguliwa baada yake siku hiyo ni pamoja na Ryan Getzlaf na Corey Perry, watu wakubwa vilevile, waliotwaa kombe na Anaheim mwaka 2007. Hapo utaona ubishi wa mkubwa na mdogo unavyopotosha, kwa kuwa Getzlaf hakuwa mdogo. Mwaka 2012 Washington walimchukua Tom Wilson, wa 16, mbabe wa mabega, wakamwanzisha kwa kazi ndogo kwenye safu ya nne, wakamwongezea majukumu mwaka hadi mwaka, na mwaka 2018 alikuwa safu ya kwanza ya timu iliyotwaa kombe. Na upande wa pili yuko Martin St. Louis, mwenye mita 1.73, ambaye hakuna timu iliyomchagua kabisa, akaja kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2004. Timu iliyotazama mwili peke yake ilimkosa, kama ambavyo iliyotazama wepesi peke yake ingemkosa Wilson.

Mchezo huo umeshafika hata Afrika Mashariki. Nairobi kuna Kenya Ice Lions, wanaofanya mazoezi kwenye uwanja mdogo wa barafu ndani ya hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa. Mwaka 2018 walipelekwa Toronto wakacheza na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la mchezo huo. Na huko Montreal, kijana wa wazazi waliotoka Kongo, Bokondji Imama, mshambuliaji wa nguvu, alichaguliwa na Tampa Bay mwaka 2015 katika raundi ya sita, akiwa wa 180. Alisubiri hadi 2022 kuichezea NHL mechi yake ya kwanza. Miaka saba. Kwa mwili wa namna hiyo, hiyo ndiyo bei ya kawaida, na anayeijua hashangai.

Nirudi nyumbani, kwenye mtego ulio hatari kuliko yote. Katika mashindano ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, mtoto mkubwa wa miaka 13 hushinda kwa sababu amebalehe mapema. Anawapita wenzake kwa mabega, anafunga, anapigiwa makofi, na kocha haoni haja ya kumfundisha lolote. Miaka mitatu baadaye wenzake wamemfikia kimo. Yeye hana mguu wa pili, hana pasi, hana chochote zaidi ya kumbukumbu. Huyo tumempoteza kwa sifa. Na mrefu aliyechelewa kukomaa, mwenye magoti yanayogongana na miguu isiyomtii, huyo tunamtoa nje akiwa na miaka 14, wakati mwili wake haujamaliza kujengwa.

Mtego wa pili ni umri wa kughushi. Ukitaka mwili mkubwa kwenye timu ya vijana, njia ya mkato ni kumwingiza mtu mzima. Tumeshaonja aibu hiyo: vijana wetu wa timu ya taifa, Serengeti Boys, walienguliwa kwenye fainali za Afrika za vijana za mwaka 2005 kwa suala la umri. Tangu mwaka 2009 FIFA inapima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, na uongo unaonekana. Lakini hasara kubwa kuliko kufungiwa ni kwamba mtu mzima aliyejificha kwenye timu ya watoto amekaa kwenye nafasi ya yule kijana mrefu wa kweli, ambaye angehitaji mechi 20 kujifunza kazi yake.

Mkulima wa Busega anayechagua ndama wa kufanya maksai ameshalimaliza swali hili zamani. Anatazama kifua, anatazama miguu, hachukui kinyonge. Lakini hamfungi nira na kumtaka alime eka siku ya kwanza. Anamfunga pamoja na maksai mzee anayejua mtaro, mwaka wa kwanza anavuta mzigo mwepesi, na hakuna anayemcheka akipinda. Nashangaa kwamba hekima tunayoipa mifugo tunainyima vijana wetu wa mpira.

Kuna jambo lingine ambalo makocha hawana mamlaka nalo, na ni lazima lisemwe. Mwili huanza kujengwa jikoni. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto aliyedumaa katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi umri wa miaka miwili, harudishiwi kimo chake chote na kocha yeyote. Busega ina ziwa, ina dagaa na sangara, ina maziwa ya ng'ombe wa jirani. Kijiji kinachouza dagaa wote mjini na kuwapa watoto ugali na mlenda peke yake kinauza namba tisa wake bila kujua. Wanaozungumzia vipaji bila kuzungumzia sahani wanazungumzia nusu ya habari.

Basi kijana huyo mkubwa afundishwe nini? Mambo si mengi, na hayahitaji fedha. Apokee mpira akiwa na beki mgongoni, auweke mbali na mguu wa beki, aurudishe kwa mguu mmoja. Arukie krosi kwa wakati wake, si kwa wakati wa mpira, na atumie mikono kwa haki bila kumvuta mtu jezi. Akimbie mita kumi za kwanza kwa haraka, kwa kuwa mita hamsini si kazi yake. Apige kwa miguu yote miwili. Na zaidi ya yote acheze mbele, mechi baada ya mechi, hata anapokosa. Bocco alikosa mbele ya uwanja mzima, akaachwa aendelee.

Klabu nazo zina sehemu yake. Pamba Jiji ya Mwanza ilirudi Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya zaidi ya miaka 20. Kutoka Busega hadi Mwanza ni safari ya basi ya asubuhi. Klabu ya Kanda ya Ziwa inayosajili mshambuliaji wa nje kila dirisha, halafu haina mtu wake kwenye viwanja vya Nyashimo, Lamadi na Mwamanyili wakati wa UMISSETA, inalipa mara mbili. Sehemu ya fedha hiyo ingemweka kocha wa washambuliaji Simiyu kwa msimu mzima. Na akipatikana kijana, klabu imchukue kwa ahadi ya miaka mitatu, asome, ale vizuri, acheze kikosi cha vijana, kisha mkopo daraja la chini. Isimpandishe Ligi Kuu Agosti na kumwacha Januari.

Nawaomba walimu wa michezo wa shule za Mwamanyili na kata jirani jambo moja kabla ya mashindano yajayo. Yule mwanafunzi mrefu mliyemweka golini kwa sababu ya urefu wake, mtoeni golini. Mpeni jezi namba tisa, mmwache nayo msimu mzima, na mashabiki wa pembeni wakipiga kelele amekosa, waambieni wanyamaze.